Akigeuzwa Kondoo, Nani Atamrudisha?

Sisi tunaishi Hedaru, hapa chini ya milima ya Upare, mahali ambapo mabasi ya Dar es Salaam na Arusha hupita usiku na mchana huku sisi wenyeji tukiendelea na shughuli zetu.

Jumapili moja wakati wa likizo tulikuwa tumeketi uani, sisi akina mama wachache wa kanisa, tukichambua mchele wa chakula cha wageni. Pale barazani alikaa kijana wetu mmoja aliyekuja kutoka chuoni, akicheza gemu kwenye kompyuta yake. Watoto walikuwa wamemzunguka kama nyuki. Kila baada ya muda mfupi tulisikia kicheko kikubwa, na sauti ikisema, "Kaka, mgeuze tena! Mgeuze tena!"

Tulisogea kuona kinachochekesha. Ndani ya kioo tulimwona mtu mkubwa mwenye silaha akija mbio. Mchawi wa kwenye gemu akainua mikono, akanuiza, na yule mtu mkubwa akawa kondoo. Akabaki anazungukazunguka tu. Hata sisi tulicheka.

Ndipo mtoto mmoja wa miaka kama minane akasema, huku bado anacheka, "Kama yule bibi wa kule bondeni. Yeye usiku hugeuka paka."

Hakuna mtoto aliyeshtuka. Lakini kilichotuumiza zaidi tulipokuja kukaa na kutafakari ni hiki: hata sisi watu wazima hatukushtuka. Hakuna aliyemwambia mtoto yule, "Usiseme hivyo." Mmoja wetu aliinamia ungo wake. Mwingine aliguna. Ukweli ni kwamba maneno yale tulikuwa tumekwisha kuyasikia, kisimani, sokoni, na hata kwenye njia ya kurudi kanisani. Mtoto hakuyatoa kwenye kompyuta. Aliyatoa kwetu.

Kwa hiyo leo tunataka tuzungumze juu ya uchawi huu wa kumgeuza mtu kuwa mnyama: ule wa kwenye gemu na ule wa midomoni mwetu.

Mchezo wenyewe ukoje?

Tulimwomba kijana wetu atueleze, maana mzazi hawezi kumwongoza mtoto katika jambo asilolijua. Alitueleza kwa subira.

Gemu hiyo inaitwa World of Warcraft. Ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Blizzard ya Marekani. Wachezaji wengi hukutana humo kwa njia ya intaneti, na kila mmoja huchagua atakuwa nani: askari, mganga, mwindaji na kadhalika. Anayechagua kuwa mchawi hupata uwezo wa kumgeuza adui kuwa kondoo. Kazi yake ni kumpunguza adui mmoja katika mapambano. Kama maadui ni watatu, mmoja akiwa kondoo wanabaki wawili wa kupigana nao.

Lakini uchawi huo una masharti, na hapo sisi wauguzi tulitega masikio. Kwanza, hudumu kwa muda mfupi, dakika moja hivi au pungufu, kisha mtu hurudia umbo lake. Pili, mtu akiwa kondoo majeraha yake hupona upesi sana. Tatu, mtu yeyote akimpiga yule kondoo, hata mara moja, uchawi huvunjika na mtu hurudi palepale.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika gemu iliyotangulia, Warcraft II ya mwaka 1995, mtu aliyegeuzwa hakurudi tena. Alibaki mnyama, na hesabu yake katika vita ilikuwa imekwisha. Shikeni mwaka huo, 1995, maana tutaurudia.

Si jambo geni duniani

Waliotengeneza gemu hizi hawakubuni wazo hilo wao. Katika hadithi za kale za Wayunani yumo mwanamke mchawi aitwaye Circe, aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe huku akili zao zikibaki za watu. Mwaka 1974 Wamarekani walitoa mchezo wa mezani, Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi, dadu na maneno ya mdomo. Humo uchawi wa kujigeuza na kuwageuza wengine uliwekewa kanuni. Kutoka hapo ukaingia kwenye gemu za kompyuta.

Lakini kati ya Wayunani na kompyuta kuna sura nyingine, nayo ina damu. Ulaya yenyewe iliwahi kuamini kwamba jirani anaweza kugeuka mbwa mwitu. Mwaka 1589, karibu na mji wa Cologne huko Ujerumani, mtu mmoja aitwaye Peter Stumpp aliuawa hadharani kwa mateso makali. Yeye mwenyewe, akiteswa, alikiri kwamba alikuwa akivaa mshipi wa uchawi na kuwa mbwa mwitu. Na huyo si wa peke yake. Wengi waliuawa kwa mashitaka ya namna hiyo, na wengi wa waliouawa kwa mashitaka ya uchawi walikuwa wanawake.

Imani hiyo ilipokwisha kutoka mahakamani na vijijini mwao, ndipo ilipobaki kuwa hadithi, na baadaye mchezo. Watoto wao wanapocheka kondoo wa kwenye kioo, hakuna bibi wa jirani anayeingia mawazoni mwao. Kwetu sisi gemu imefika kabla imani haijaondoka. Hapo ndipo penye tofauti, akina mama.

Simba wa Njombe na simba wa Singida

Tuje nyumbani Tanzania. Katika miaka ya 1930 na 1940, simba walikula watu katika wilaya ya Njombe kwa muda mrefu. Makadirio ya waliouawa yanafika watu 1,500. Wengi waliamini kwamba wale hawakuwa simba bali watu waliogeuzwa, au simba waliotumwa na mganga mmoja mwenye kisasi. Kwa hofu hiyo, watu hawakuthubutu hata kumtaja simba kwa jina lake, sembuse kumsaidia mwindaji. Bwana nyama aliyepelekwa huko, George Rushby, alipata shida kubwa kupewa habari. Mwaka 1947 yeye na wasaidizi wake walianza kuwaua simba hao mmoja mmoja, na walipofika 15 mauaji yalikoma. Simba wale walikuwa wamekosa mawindo, kwa sababu wanyama pori wengi wa eneo lile walikuwa wameuawa kwa amri ya serikali ili kuzuia tauni ya ng'ombe.

Karibu na wakati huohuo, kati ya mwaka 1946 na 1948, kule Singida watu walikutwa wameraruliwa kama kwa makucha. Ilisemwa kwamba ni watu wanaogeuka simba. Uchunguzi ulipofanyika, ilionekana kwamba wauaji walikuwa binadamu, waliofanya mauaji yaonekane ni ya simba. Baadhi yao walihukumiwa kunyongwa.

Tafakarini jambo hili. Njombe walikuwa simba kweli. Singida walikuwa watu kweli. Hakuna aliyegeuka, si huku wala kule. Lakini imani ya kugeuka iliwaficha simba wa Njombe wasiwindwe, na iliwaficha wauaji wa Singida wasishitakiwe mapema. Hiyo ndiyo kazi ya kiinimacho: huondoa macho yetu mahali ilipo hatari.

Sasa turudi kwenye mwaka 1995. Mwaka huo ilipotolewa Warcraft II na kondoo wake, visiwa vya Pemba na Unguja vilikumbwa na hofu ya Popobawa, kiumbe kilichosemwa kuwa huwaingilia watu usiku vitandani na kwamba mchana huwa mtu kama watu wengine. Familia zililala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Mtu akikandamizwa kifuani usingizini, akaamka hawezi kunyanyua mkono wala kupiga kelele, alijua amefikiwa. Sisi katika kazi yetu tunalijua jambo hilo, na Waswahili walilipa jina tangu zamani: jinamizi. Akili huamka kabla ya mwili, na kwa sekunde au dakika chache mtu huona na kusikia ya kutisha. Halina mapepo wala mbawa. Lakini katika hofu ile, mtu mmoja huko Zanzibar, mwenye maradhi ya akili, alishikwa na umati akidhaniwa ndiye Popobawa, akauawa. Huyo naye hakurudi.

Macho mekundu

Watanzania wenye umri wetu tunakumbuka habari za Usukumani. Kati ya mwaka 1970 na 1984, serikali ilihesabu watu 3,693 waliouawa nchini kwa kudhaniwa wachawi, wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa huko Usukumani. Na msidhani yalikwisha hapo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti mauaji ya namna hiyo zaidi ya 700 kwa mwaka 2013 peke yake.

Je, wanawake hao walitambuliwaje kuwa wachawi? Mara nyingi kwa macho mekundu. Hapa tunaomba mtusikilize kama wauguzi.

Mama aliyepika kwa miaka 50 katika jiko la mafiga matatu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho mekundu. Moshi wa kuni huunguza jicho, na palipo na uhaba wa kuni watu huchoma kinyesi cha ng'ombe, ambacho moshi wake ni mkali zaidi. Sehemu kavu zenye vumbi na maji kidogo zina adui mwingine: vikope, yaani trakoma. Huu ni ugonjwa wa vijidudu, unaoenea kwa vidole, kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto watano, na kwa nzi. Akina mama huupata zaidi kwa sababu wao ndio wanaolea watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, ndani ya kope huota makovu, ngozi hujikunja, na nywele za kope hugeukia ndani. Kila anapopepesa, nywele hizo hukwangua mboni. Ni maumivu ya mchana na usiku, na mwisho wake ni upofu.

Tena wapo wazee wanaopatwa na ugonjwa wa usahaulifu. Huamka usiku wa manane, hutoka bila nguo, hupotea njia, wakakutwa alfajiri uani kwa watu wakiwa hawajui walifikaje. Wangapi wamepigwa wakiitwa wanga walioanguka, kumbe ni wagonjwa?

Habari za mfalme Nebukadneza tunazisoma katika Danieli sura ya 4. Alifukuzwa kati ya watu, akala majani kama ng'ombe, nywele na kucha zikarefuka. Lakini someni vizuri, hakuota pembe. Alikuwa mtu siku zote zile. Kilichomtoka ni akili, na akili ilipomrudia, wakuu wake walimtafuta, naye akarudishiwa ufalme wake. Sisi je, tunawatafuta wetu?

Tulipokwenda bondeni

Jumatano iliyofuata tulikwenda kwa yule bibi, akina mama watatu. Tukiri kwamba miguu ilikuwa mizito. Ilikuwa imepita miezi mingi tangu aonekane kanisani, na katika miezi hiyo hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Tulipobisha hodi alikaa kimya kwa muda. Baadaye alituambia kwamba alidhani ni wale wanaorusha mawe juu ya bati usiku.

"Shikamoo bibi," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Mmepotea njia?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, na machozi yakimtoka bila kulia. Tulipomwomba tumtazame, tuliziona nywele za kope zimegeukia ndani, macho yote mawili. Basi, wapendwa, kilichogeuka kwa bibi yule ni kope.

Tukamwuliza habari za usiku. Alisema halali vizuri, macho yanamchoma. Huamka, hufungua mlango, hutoka kunawa kwa maji baridi ya mtungi ulio nje. Paka wake humtangulia kila mara. Anayepita njiani huona mlango umefunguka gizani, paka anatoka, na mtu haonekani. Mengine aliyajazia mwenyewe hadi alipofika kwake.

Tulifanya mpango, na mtaalamu wa macho akamfanyia upasuaji mdogo wa kuzirudisha kope nje. Mboni iliyokwisha kukwanguliwa hairudi kuwa mpya, kwa hiyo haoni vizuri kama zamani. Lakini maumivu yamepungua na usiku analala. Fundi mmoja wa kanisa alimtobolea dirisha jikoni. Akina mama tuliweka zamu ya kumpelekea maji.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Wapo wanaopita njia ya mbali hadi leo ili wasikutane naye, na mmoja wao tunakaa naye benchi moja kanisani. Neno "paka" lilitembea Hedaru nzima kwa wiki chache. Kulirudisha kumechukua miezi, na bado halijarudi lote.

Tuwakataze watoto gemu?

Akina mama wengi wametuuliza hivyo. Maoni yetu ni haya.

1. Kaa na mtoto uone anachocheza. Kama kina damu nyingi au mambo ya aibu, mwondoe. Muda nao uwe na mpaka, asiache masomo, kazi za nyumbani wala usingizi.

2. Ukimkuta anamgeuza mtu kondoo, usianze kwa fimbo. Mwulize, "Huyu amegeuka kweli?" Watoto wengi watakucheka na kusema ni mchezo tu. Hapo mshike: "Vema. Kwenye gemu ni mchezo. Na mtu kweli anaweza kugeuka?" Jibu atakalotoa litakuonyesha amesikia nini nyumbani kwako.

3. Chunga ulimi wako mbele ya watoto. Usimwambie mtoto, "Usipite kwa yule bibi," bila sababu ya kweli. Yeye ataitafuta sababu mwenyewe, na ataipata ya kutisha.

4. Ukimwona mzee mwenye macho mekundu au anayezurura usiku, mpeleke kituo cha afya. Usimpeleke kwa majirani kwa mdomo. Na ujue kwamba Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inahesabu kuwa ni kosa kumtangaza mwenzako hivi hivi kuwa ni mchawi.

5. Kama kuna mzee anatishwa, usingoje. Wajulisheni mchungaji, mwenyekiti wa kijiji na polisi mapema, na asilale peke yake.

Yule kijana wa chuo alituambia neno moja kabla hajaondoka. Alisema kwenye gemu, mchawi makini huwaonya wenzake, "Msimguse kondoo," kwa sababu wakimpiga atarudi kuwa mtu, mwenye nguvu zake zote. Tulinyamaza tulipolisikia. Kwetu hali ni kinyume. Mtu akiisha kuitwa mnyama, kila mmoja huona ruhusa ya kumpiga, na fimbo haimrudishi utu wake. Humrudisha anayekwenda kubisha hodi.

Mtoto aliyesema maneno yale tulimchukua siku moja pamoja na mama yake kupeleka maji. Alisimama mlangoni muda mrefu akimwangalia bibi, kisha akimwangalia paka, aliyelala mafigani. Bibi akamwambia, "Ingia, mjukuu wangu, jua kali."

Aliwaangalia wote wawili mara moja tena, wakiwa pamoja chumba kimoja, kisha akamwamkia: "Shikamoo bibi." Akaingia.

Je, msomaji wetu, katika mtaa wako yuko nani ambaye hajaamkiwa siku nyingi?